Zamu ya Darajani

Jumamosi tuliyomzika mama mkwe wangu, gari lililombeba lilisimamishwa darajani. Tulikuwa tumetoka naye mjini, msafara mrefu, taa zinawaka mchana kweupe, na vijana wa kwaya ya kwetu Engutoto walikuwa wamelipamba gari la mbele kwa mapenzi yao yote. Marehemu aliwazoea wale vijana. Kila alipokuja kututembelea mjini alishuka na mkungu wa ndizi mshare akawagawia, kana kwamba mjini watu hawali. Basi wao wakaona mkulima wa ndizi asiende kuzikwa bila ndizi. Wakaenda Sombetini, uani kwa mmoja wao, wakakata migomba miwili mizima wakaifunga mmoja kila ubavu wa gari, majani yanapepea. Ilipendeza, sikatai. Tulipofika darajani, pale kabla ya kuanza kupanda kilima cha Mferejini, msichana mmoja aliyevaa sweta la shule na kanga kiunoni akatoka pembeni akainua mkono. Gari likasimama, na sisi wote nyuma yake tukasimama.

Godi, mtoto wa shemeji yangu, anafanya kazi kule uwanja wa ndege Kisongo na amezoea kufunguliwa mageti. Akashuka na miwani yake myeusi. "Wewe binti, unajua humu ndani kuna nani?" Yule binti akasema, "Najua, kaka. Poleni sana na msiba," na kweli macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini migomba haivuki." Godi akapandisha sauti: "Haivuki nini? Tunaenda kuzika!" Binti hakusogea. "Bibi anavuka, kaka. Migomba ndiyo haivuki." Godi akanigeukia mimi, mikono hewani. "Mama mkubwa, hebu sema na hawa watu. Wana akili kweli?" Nami, mkwe mkubwa wa marehemu, nimevaa nyeusi kuanzia kilemba mpaka viatu, mimi niliyetakiwa kulia kuliko wote, nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika mlango wa gari nisianguke. Wifi yangu akaniwekea mkono begani, akadhani msiba umenipanda kichwani. Wala. Nilikuwa nimekumbuka mwaka nilioolewa, na nilijua kwamba kama yule mama angeweza kuinua kichwa mle ndani, angecheka kunishinda.

Anayeuangalia Meru kutoka mjini huona mlima mmoja umekaa. Anayeishi juu yake anajua kuwa ni vilima vingi virefu vimelala kama vidole vya mkono, na kati ya kidole na kidole kuna korongo, na chini ya korongo kuna mto. Mimi ni mtoto wa Kirangoni, kilima cha chini. Ng'ambo, juu kidogo, kule baridi inakoanza kuuma, ndiko Mferejini. Tuliona moshi wa jikoni kwao, tulisikia kengele ya kanisa lao, lakini kufika ilikuwa ushuke korongo lote, uvuke daraja la magogo, kisha upande mpaka ulimi utoke. Miaka ile tuliletewa bibi shamba, msichana mwembamba kutoka Ukerewe, asiyeogopa matope. Wakina mama walimtania kwamba ametoka ziwani kuja kuwafundisha watu wa mlimani. Naye akawajibu, "Nyie nanyi mnaishi visiwani, sema maji yenu yako chini sana." Watu wakacheka wakasahau. Aliyekumbuka ni mmoja tu, Mama Amini wa Mferejini, kiongozi wa wakina mama wa usharika, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mama mkwe wangu.

Kule kwetu Kirangoni tulikuwa na fukusi. Nimwelezee, maana watoto wa mjini wanadhani ndizi inatoka sokoni. Fukusi wa migomba ni mdudu mweusi, mgumu, ana pua ndefu iliyopinda, na ukimgusa anajifanya amekufa. Yeye mwenyewe hana ubaya sana. Ubaya ni watoto wake, mabuu meupe yanayotoboa lile bonge la mgomba lililo ardhini, yanachimba njia humo ndani mpaka mgomba unabaki hauna mguu. Kwa nje unauona mzuri, una mkungu, unasema mwezi ujao nakata. Upepo mdogo tu unapita, asubuhi unakuta umelala chini na mkungu haujakomaa. Nimekua nikiona mama yangu akitoka nje asubuhi baada ya upepo, anasimama mlangoni, anaangalia kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, bila kusema kitu. Mama yangu asiposema kitu, jua mambo ni mazito. Mferejini walikuwa hawajamwona. Bibi shamba akawaambia jambo lililomkaa Mama Amini moyoni: huyu mdudu haruki, au akiruka ni kidogo sana, na kwa miguu yake mwenyewe hawezi kuvuka korongo. Anavushwa. Anapanda kilima juu ya vichwa vya wanawake, ndani ya machipukizi wanayopeana.

Na sisi tunapeana machipukizi kama watu wengine wanavyopeana salamu. Jirani akijenga, unampa. Mtoto akibatizwa, unapanda. Na binti akiolewa, ndiyo kabisa. Kwa kina mama wa Kirangoni, binti kwenda kwa mume bila machipukizi ya kwa mama yake ilikuwa aibu kuliko kwenda bila viatu. Wiki moja baada ya harusi mama na mashangazi wanavuka wakiimba, machipukizi vichwani yamefungwa kwa majani makavu, wanakuja kumpandia mtoto wao migomba yake ya kwanza, ili akila huko ugenini ale cha nyumbani. Mwaka ule mimi naolewa na Amini, wakina mama wa Mferejini walikuwa wamekwisha kubaliana: chipukizi lisivuke mto, litoke kwa nani, liende kwa nani. Wakafunga masale darajani, kila nguzo na jani lake lililopigwa fundo. Masale kwetu ni mpaka, na ni amani pia, wala hakuna mtu mwenye akili anayeyapita kibabe. Kisha wakawekeana zamu ya kulinda. Mzigo wa kwanza mkubwa kufika pale ukawa wangu.

Nilikuwa nimesimama upande wa juu, nyuma ya mama mkwe, kanga mpya inakwaruza shingo, bibi harusi wa wiki moja ambaye hatakiwi kufungua mdomo. Nikasikia nyimbo za kwetu zikishuka korongo. Nikamwona mama mbele yao, amevaa gauni lake la bluu la sikukuu, chipukizi kubwa kuliko yote liko kichwani kwake. Alipofika kwenye masale akasimama. "Hodi, wakwe!" akaita. Mama mkwe akaitika, "Karibuni, karibuni sana. Nyie piteni, chakula kiko tayari. Mizigo tu ndiyo ibaki huko." Mama akauliza, "Mizigo gani?" Mama mkwe akasema taratibu, "Machipukizi, mama mwenzangu. Tulikubaliana kanisani." Mama akasema, "Mlikubaliana nyinyi. Mimi nasali kwenu?" Mama mkwe akajaribu tena: "Ni huyu mdudu, mwenzangu. Sisemi kwako..." Hapo mama akamkata. "Unasema kwangu! Binti yangu mmemwona msafi, mmemchukua. Migomba iliyomlea ndiyo michafu?" Hata mto ulisikika. Mama mkwe hakurudi nyuma, wala hakupandisha sauti. "Hata dada yangu wa damu akija nalo, halivuki," akasema. Mama akalishusha lile chipukizi kutoka kichwani, akaliweka chini kama mtu anayelaza mtoto. Akaniangalia mimi, si yeye. "Basi mwanangu umeolewa kama yatima," akasema. Akageuka, na wenzake wakageuka, na nyimbo hazikusikika tena kupanda korongo. Machipukizi yalibaki pale ng'ambo mpaka yakakauka.

Nilimchukia mama mkwe. Sasa nimemzika kwa machozi na kicheko, lakini mwaka ule nilimchukia kwa moyo wote, nisiseme uongo. Nilikuwa nikiamka katika chumba chetu kidogo, kuta zake zimebandikwa magazeti dhidi ya baridi, nasoma habari ileile ya mpira iliyokuwa juu ya kichwa cha kitanda, na kitu cha kwanza kunijia ni sura ya mama anageuka. Na yule mwanamke alikuwa mwema, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Jikoni kwake kulikuwa na giza la moshi na joto zuri, mahindi yamening'inia darini, kibuyu cha maziwa ya mgando kwenye kona. Akipika loshoro ya mahindi na maziwa yale, bakuli la kwanza langu. Akipika ndizi na maharage, kipande cha chini cha sufuria, kile kilichoshika kidogo ambacho kila mtu anakitaka, anakikwangua ananipa mimi, anawanyima wanawe. Alinipandia migomba michanga nyuma ya zizi, kutoka kwenye shina lake bora. Nilimjibu "Ndiyo mama, hapana mama, asante mama," basi. Siku moja nilimsikia akimwambia baba mkwe, "Huyu mtoto ananipa shikamoo baridi kama maji ya mferejini." Baba mkwe akacheka. "Mpe muda. Umemzuia mama yake." Naye akasema, "Nilimzuia fukusi." Kisha, kwa sauti ndogo: "Lakini ni kweli, mama yake nilimzuia."

Kiangazi kikaja kikali. Mimi nilikuwa mjamzito, na ng'ombe wa mama mkwe, mweusi mwenye doa jeupe anayeitwa Malaika, naye alikuwa mjamzito, na wote wawili tulikuwa tukiulizwa hali kila asubuhi. Majani yakaisha. Habari za milimani zinatembea na wanawake wa sokoni, na habari ya Malaika kukosa majani ikafika Tengeru, ikarudi ikapanda Kirangoni. Siku moja mchana nikasikia sauti ya mama uani. Nilidhani naota. Alikuwa amesimama pale na wadogo zake, vichwani wamebeba vigogo vya migomba, vile vinono vyenye maji ambavyo ng'ombe anavipenda kiangazi. "Nimesikia ng'ombe wa mwanangu ana njaa," akasema, na shingo yake bado imekaza. "Hiki si cha kupanda. Hiki ni cha kula. Au nacho kina masale?" Mama mkwe akaruka kutoka kwenye kigoda. Alimkumbatia kabla hajautua mzigo, kigogo kikawadondokea miguuni, wakacheka wote wawili. Waliokuwa zamu darajani siku ile hawakuwauliza kitu, wakawasaidia hata kubeba. Kwani si ni chakula cha ng'ombe? Sote tulikuwa tukiangalia machipukizi. Tulikuwa tumefunga mlango wa mbele kwa komeo mbili, na dirisha la jikoni liko wazi. Mama alikuwa amekata migomba iliyoanguka, maana ndiyo inayokatiwa ng'ombe. Na migomba kwetu ilikuwa inaangushwa na nini?

Siku zile zilikuwa nzuri, nazikumbuka kwa chakula chake. Mama alikuja tena na tena, kila akija analeta vigogo. Wakwe wakawa wanakaa jikoni wanamenya ndizi pamoja, wananisema mimi mbele yangu, nilivyo mvivu wa kupepeta, nilivyo na mdomo. "Huo mdomo umetoka wapi?" mama mkwe anauliza. "Niliununua sokoni, nikaongezewa na chumvi," mama anajibu. Nilirudi kuwa mtu. Malaika akazaa dume. Mabaki ya vigogo yalitupwa kwenye lundo la samadi, jirani kabisa na ile migomba yangu michanga, na mvua za vuli zikaanza.

Nilikuwa nachota samadi asubuhi. Nikageuza kipande cha kigogo kilichooza, nikawaona. Wamejazana chini yake, weusi, wanang'aa. Nikamgusa mmoja kwa kijiti, akajifanya amekufa. Mferejini nzima wao walikuwa wamemwona kwenye kichupa cha bibi shamba tu; mimi nilimjua kama ninavyojua sauti ya mama. Na nilijua pia ametoka kwa nani. Nilisimama pale na tumbo langu, na jambo lililonijia kwanza si migomba. Nilifikiri: mama anafukuzwa tena. Safari hii hatageuka na gauni la bluu peke yake, atageuka na jina baya, na mimi nitabaki huku nikiwa binti wa mwanamke aliyeua kilima cha watu. Hata hivyo kukaa kimya nilishindwa. Nilikwisha ona kihamba kinavyokufa. "Mama," nikaita. "Njoo uone." Akaja akifuta mikono kwenye kanga. Akaangalia, akachuchumaa, akaangalia tena. Akarudi jikoni akakaa.

Mchana alikuja rafiki yake, Mama Elibariki, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko nikimenya ndizi. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao zenye mianya, na mvua ilikuwa imetulia. Nikasikia yote. Mama Elibariki akasema, "Nyamaza. Ng'oa kimyakimya, choma, fukia. Nani atajua?" Mama mkwe akasema, "Fukusi atajua." "Usilete utani! Wewe ndiye uliyewafungia watu masale. Wewe ndiye uliyemrudisha mama wa watu kule chini, na nyimbo za harusi bado ziko mdomoni. Leo useme ameingilia kwako? Watakucheka mpaka kaburini." "Wacheke." "Haya, basi sema ukweli wote. Sema vigogo vimetoka kwa mkwe wako." Hapo nikasikia kuni inapasuka. Kisu changu kilikuwa kimesimama kwenye ndizi. "Yule binti hapo nyuma ana mimba ya mjukuu wangu," mama mkwe akasema hatimaye. "Nikimtaja mama yake, nimemtaja na yeye." Mama Elibariki akauliza, "Sasa utasema nini?" Akaniita kwa sauti kubwa, "Anande! Ndizi hizo zimekuwa mnara wa Babeli? Lete tupike!"

Jumapili baada ya ibada kulikuwa na mnada kama kawaida. Asiye na sadaka ya fedha analeta mazao, na nje ya kanisa mzee wa kanisa ananadi: mayai, maboga, kuku, mikungu. Mkungu wa Mama Amini ulikuwa unasubiriwa kila mara, watu wanashindania kwa fahari tu. Siku ile mzee ameuinua, ameanza, "Haya, mkungu wa mama yetu, nani anafungua?", mama mkwe akasogea mbele akaushika. "Huu usiuzwe," akasema. Watu wakadhani ni utani. Akatoa mfukoni kichupa chenye wadudu weusi, akakiinua juu. "Fukusi ameingia Mferejini. Yuko kwangu, nyuma ya zizi langu. Tulikataza machipukizi, tukasahau vigogo vya ng'ombe. Mlango niliufungua mimi kwa mkono wangu, na ng'ombe ni wangu. Msitafute mwingine." Kisha akamalizia kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe: "Mnicheke leo. Kesho asubuhi mje na majembe." Hakuna aliyecheka. Nilimwangalia yule mwanamke mfupi, amesimama katikati ya maboga na kuku, amejivua heshima yake yote mwenyewe ili mama yangu abaki na yake. Pale pale chuki yangu iliisha. Niliona fahari, fahari ya kuitwa mkwe wake.

Kesho yake walikuja. Walikuja mpaka wale tuliodhani watakuja kuangalia tu. Tukang'oa kila mgomba kuzunguka zizi, na ile michanga yangu, tukaikatakata mabonge yake tukayaanika juani mdudu afe. Bibi shamba akatuonyesha kutega: unapasua kigogo kizima katikati, unalaza upande wa ndani chini, karibu na shina, na asubuhi unafunua, unawaokota waliokuja kujificha, unawatia kwenye kopo la maji ya sabuni. Sote tumeinama, matope mpaka magotini, ndipo ikasikika sauti kutoka chini ya njia. "Hodi!" Mgongo wangu ukanyooka wenyewe. Mama. Na nyuma yake wanawake wa Kirangoni, majembe mabegani, hawajabeba kingine chochote.

Mama mkwe akaenda kumlaki, mimi nyuma yake. Mama hakusalimu. "Nimesikia ulisema mlango uliufungua wewe." "Ndiyo," akasema mama mkwe. "Umesema uongo kanisani, mkwe. Mzigo ulikuwa wangu." "Zizi lilikuwa langu. Tena sikusema kanisani, nilisema mnadani." Mama akajaribu kukaza uso, ukamshinda. Kwanza akacheka, halafu akalia, na kilio cha mama yangu nilikuwa sijakisikia hata siku migomba ilipolala yote. "Ungenitaja," akasema. "Mtu mwingine angenitaja." Akafuta uso kwa ncha ya kanga, akasimika jembe lake chini, akageukia watu wote. "Sasa sikilizeni, nyie wa juu. Daraja lina pande mbili. Mmekaa upande mmoja mnatubwekea kama mbwa, mnadhani sisi tunampenda huyu mdudu? Wiki moja mlinde nyie, wiki moja tulinde sisi. Na mkimaliza hapa mnakuja kwetu, tunamtega pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta ni wetu wote." Mama mkwe akasema, "Na machipukizi?" Mama akavuta pumzi. Hilo ndilo lilikuwa gumu kwake, nilimwona. "Hayavuki," akasema. "Nitampandia mwanangu ya kwenu. Lakini kwa mkono wangu."

Na ndivyo alivyofanya. Mvua zilipokolea, na mashimo tulikong'oa migomba yamekaa wazi muda wa kutosha mdudu kwisha, mama yangu alipiga magoti nyuma ya zizi la mkwe wake akanipandia machipukizi ya Mferejini, moja moja, akiimba ule wimbo uliokatika darajani siku ile. Nilipojifungua, mtori nilionyweshwa ulipikwa na wote wawili, wanagombania chumvi juu ya sufuria. Tangu hapo mama wa bibi harusi wa Kirangoni anapanda Mferejini na jembe tu, limefungwa sale kwenye mpini, anapanda kwa mkono wake kilichoko huko. Vijana wanadhani ni mila ya mababu. Mimi nawaacha waamini hivyo. Fukusi hakuisha duniani, wala sitawadanganya. Kirangoni yupo mpaka leo, ila wanamtega kila msimu na migomba imesimama. Mferejini amewahi kuonekana hapa na pale, akawahiwa. Yule bibi shamba alihamishwa zamani, lakini akirudi leo atakuta kisiwa chake kiko salama, na waliokiweka salama ni wanawake ambao wengi wao hawajawahi kuona ziwa.

Basi siku ile ya mazishi, nilipomaliza kucheka, nilishuka garini nikamwendea yule msichana. Maskini, kusimamisha maiti si mchezo. "Wewe ni wa nani, mwanangu?" nikamuuliza. "Shikamoo bibi. Mimi ni wa Kirangoni. Wiki hii zamu ni yetu." Wa Kirangoni! Nilimwangalia, nikamwangalia Godi, nikaangalia masale mabichi yaliyofungwa kwenye bomba za chuma za lile daraja jipya. Kisha nikavua viatu vya mjini, nikaenda kwenye gari nikaanza kufungua kamba kwa mikono yangu mwenyewe. Godi alisimama kidogo, halafu akavua miwani akaja kushika upande wa pili. Tuliilaza ile migomba chini, upande wa chini wa mto, kwa heshima. Msichana akachuma sale, akalifunga pale ubavuni mwa gari mgomba ulipokuwa, akarudi nyuma kupisha.

"Umefanya vizuri," nikamwambia. "Hata yeye asipite nayo."

"Hasa yeye, bibi," akasema, na gari likavuka.